Homa ya Ini na Neno "Usafi": Uhakiki wa Istilahi katika Maandishi ya Afya

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mfasiri wa Kiswahili, maandishi ya afya huchukua nafasi kubwa. Vipeperushi, mabango ya zahanati, vitabu vya shule za msingi, nyaraka za halmashauri na matangazo ya redio huandikwa au hufasiriwa ili kuwafundisha wananchi namna ya kujikinga na maradhi. Kazi hizi mara nyingi hutakiwa upesi, na mfasiri hapati wasaa wa kukaa na tabibu wala na mtaalamu wa istilahi. Matokeo yake ni kwamba neno lililotumika katika kijitabu kimoja huhamia katika cha pili na cha tatu, pasipo mtu kuuliza kama lilifaa tangu mwanzo.

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maneno machache yanayotumika kuwafundisha watu namna ya kujikinga na homa ya ini kwa njia ya usafi. Hatukusudii kumlaumu mfasiri yeyote wala kukitaja kijitabu chochote. Tunachokihakiki ni desturi ya uandishi. Hoja yetu ni moja: istilahi ya afya haipimwi kwa usanifu wa umbo lake peke yake, bali hupimwa pia kwa tendo analolifanya msomaji baada ya kuisoma. Sentensi kama "Usafi huzuia homa ya ini" haina kosa la sarufi, wala si ya uongo moja kwa moja. Hata hivyo, ni nusu ya ukweli, na katika mambo ya afya nusu ya ukweli yaweza kumwangamiza mtu.

Ugonjwa wenyewe

Hatuna budi kuanza na ugonjwa kabla ya kuyafikia maneno. Homa ya ini ni hali ya ini kuvimba na kuumia. Yaweza kuletwa na pombe, na baadhi ya dawa, au na sumu, lakini inayozungumzwa zaidi katika vipeperushi ni ile inayoletwa na virusi. Virusi hivyo vinavyojulikana zaidi ni vya aina tano, navyo hutajwa kwa herufi A, B, C, D na E.

Virusi vya A na E hutoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia kinywani mwa mtu mwingine, kwa kupitia maji, chakula au mikono. Virusi vya B, C na D hufuata njia ya damu. Vile vya B hupita pia katika majimaji mengine ya mwili, hupatikana kwa kujamiiana, na mama huweza kumwambukiza mtoto wake wakati wa kujifungua. Virusi vya D havimwambukizi mtu ila awe na vile vya B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini B ya muda mrefu, na watu milioni 50 walikuwa na C.

Ni dhahiri basi kwamba tunazungumzia jina moja lenye njia mbili za kuenea. Anayenawa mikono vizuri kila siku amejikinga kwa kiasi kikubwa na A na E. Mtu huyohuyo akinyolewa kwa wembe uliomkata mwenye virusi vya B, unawaji wake haumsaidii kitu. Mfasiri asiyeliweka wazi jambo hili humpa msomaji kinga ya ugonjwa mmoja na kumwaminisha kwamba ameikinga jamaa yote ya magonjwa hayo.

Jina la ugonjwa

Kuna majina kadhaa yanayoshindana katika matumizi, na kila moja lina udhaifu wake.

La kwanza ni "homa ya manjano". Baadhi ya watu hulitumia kwa kila mgonjwa ambaye macho yake yamegeuka rangi. Jina hili lina mwenyewe. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoenezwa na mbu, wenye chanjo yake, na unaomlazimu msafiri kuonyesha cheti anapoingia katika baadhi ya nchi. Mfasiri anayeandika "homa ya manjano" mahali pa homa ya ini humfanya msomaji apambane na mbu badala ya kuchemsha maji. Aidha, mtu aliyekwisha kuchanjwa kwa ajili ya safari aweza kudhani kwamba hana haja ya chanjo nyingine. Kosa hili tunaliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote.

La pili ni "safura". Asili ya neno hili ni Kiarabu, nalo lina uhusiano na nyongo na rangi ya manjano. Kwa asili hiyo lingeweza kufaa. Lakini maneno huishi kwa matumizi, na leo mwalimu wa afya akisema safura wanafunzi wake huwaza minyoo inayoingia kwa nyayo za asiyevaa viatu na kumpunguzia mtu damu. Kulirudisha neno hili katika maana yake ya kale ni kuleta mvurugano usio na faida.

La tatu ni "uvimbe wa ini". Tafsiri hii inafuata maana ya kitabibu kwa karibu, lakini neno uvimbe katika Kiswahili cha kila siku hutumika pia kwa nundu inayoota mwilini. Mgonjwa akiambiwa ana uvimbe wa ini huenda akadhani ameambiwa ana saratani. Ni kweli kwamba homa ya ini B na C zisipotibiwa zaweza kuishia katika saratani, na kwa sababu hiyohiyo yafaa mambo hayo mawili yatengwe kwa maneno.

La nne ni "hepatitisi", neno la mkopo. Uzuri wake ni kwamba halina maana nyingine ya kulivuruga. Upungufu wake ni kwamba halimwambii msomaji wa kawaida chochote, hata kiungo kilichougua. Linafaa vitabu vya utabibu na mawasiliano baina ya wataalamu.

La tano ni "homa ya ini", ambalo ndilo lililoenea zaidi. Limejengwa kwa kigezo kinachojulikana, kama homa ya matumbo na homa ya uti wa mgongo, nalo linakitaja kiungo. Kasoro yake imo katika neno la kwanza. Msomaji hutarajia joto la mwili. Kumbe mtu aliyeambukizwa B au C aweza kukaa miaka mingi bila homa na bila dalili yoyote, huku ini lake likiharibika. Hata hivyo, hatushauri jina hili ling'olewe. Limekwisha kukubalika, na kulibadili leo kungewasumbua wananchi bila sababu ya kutosha. Tunachoshauri ni kwamba lisiachwe peke yake.

Herufi ni sehemu ya jina

Wako wafasiri wanaoiona herufi kuwa ni pambo la kitaalamu, wakaiacha ili sentensi iwe nyepesi. Historia ya ugonjwa huu inaonyesha kwamba herufi hizo zilitafutwa kwa sababu majina ya awali yalishindwa kazi. Katika Kiingereza, ugonjwa huu ulipata kugawanywa kuwa ule "wa kuambukiza" na ule "wa majimaji ya damu", kana kwamba huo wa pili hauambukizi. Mnamo mwaka 1947 daktari Mwingereza F. O. MacCallum alipendekeza herufi A na B. Baadaye, ulipoonekana ugonjwa ambao haukuwa A wala B, uliitwa kwa muda mrefu "usio A wala B", mpaka virusi vya C vilipotambuliwa mwaka 1989. Hata lugha zenye maabara na majarida mengi zilihangaika na jina hili, nazo zikapata nafuu kwa kukubali herufi.

Kwa hiyo tunasema kwamba sentensi yoyote ya mafunzo inayotaja homa ya ini ya virusi bila herufi yake haijakamilika. Mwalimu akipenda kuwasaidia wanafunzi kukumbuka, awagawie magonjwa haya katika mafungu mawili: A na E ni za njia ya kinyesi na kinywa, B, C na D ni za njia ya damu. Maneno "njia ya kinyesi na kinywa" yana urari unaokumbukika kwa urahisi, na hayahitaji neno la kigeni hata moja.

Neno "usafi"

Tunalifikia sasa neno lenyewe linalobeba mafunzo haya. Usafi ni neno pana mno. Hutumika kwa mwili, kwa nguo, kwa nyumba, kwa mji, hata kwa moyo. Mfagizi hufanya usafi, na anayeng'arisha viatu hufanya usafi. Mwananchi akisoma kwamba usafi huzuia homa ya ini, ana haki ya kufagia uwanja wake, kufyeka majani, kisha akakaa akiamini kuwa ametimiza wajibu. Kufagia ni jambo jema, lakini virusi vya A havikai katika majani makavu.

Kiswahili chenyewe kilikwisha kuonya juu ya upungufu wa neno hili. Katika lugha ya serikali nchini Tanzania umezoeleka msemo "maji safi na salama". Wengine huudhani kuwa ni kurudia neno kwa ajili ya mkazo tu. Sivyo. Safi ni hukumu ya macho: maji hayana tope wala takataka. Salama ni hukumu ya kipimo: maji hayana viini vya maradhi. Maji ya kisima yaweza kung'aa kama kioo na kuwa na virusi vya E. Waandishi wa afya wangeichukua tofauti hiyo na kuitumia penginepo. Wembe safi si lazima uwe wembe salama. Virusi vya homa ya ini B vyaweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, na damu iliyobaki yaweza kuwa kidogo hata isionekane. Kwa hiyo maneno "tumia wembe safi" hayatoshi. Yaandikwe "tumia wembe mpya, ambao haujatumiwa na mtu mwingine".

Hali kadhalika na maji. Agizo la "kuchemsha" hueleweka na wengine kuwa ni kuyapasha moto. Lugha inacho kitenzi cha kumaliza shaka, nacho ni kutokota. "Chemsha maji mpaka yatokote, kisha yaweke katika chombo safi chenye kifuniko" ni agizo ambalo mama au kijana wa jikoni hawezi kulikosea.

Kunawa, kuosha na kutakasa

Pale lugha nyingine inapotumia kitenzi kimoja, Kiswahili hugawa. Twanawa mikono na uso, twaosha vyombo, twaoga mwili, twafua nguo, twadeki sakafu, twachamba baada ya haja. Mfasiri anayeandika "osha mikono" kila mahali anaeleweka, lakini anakiacha kitenzi kilicho tayari. "Nawa mikono" ndiyo lugha ya nyumbani, nayo huingia masikioni bila kizuizi.

Hata hivyo, kitenzi hiki nacho kina mtego, na hapa ndipo uchaguzi wa maneno unapogusa uhai wa watu. Kunawa hakusemi ni kwa namna gani. Mtu anayemiminiwa maji kwa birika amenawa, na watu kumi waliochovya mikono katika beseni moja nao wamenawa. Kati ya mwaka 2007 na 2009, wilaya ya Kitgum, kaskazini mwa Uganda, ilipatwa na mlipuko mkubwa wa homa ya ini E miongoni mwa watu waliokuwa wakiishi katika kambi. Waliougua walizidi 10,000, na waliokufa walikuwa zaidi ya 150. Virusi hivi huwadhuru hasa wanawake wajawazito. Wachunguzi waliofuatilia mlipuko huo walikuta kwamba miongoni mwa mambo yaliyohusiana na kuugua ni kunawa mikono katika beseni la pamoja, na kuhifadhi maji ya kunywa katika vyombo vyenye mdomo mpana, ambamo mkono huingia. Watu hao walikuwa wananawa. Mwenye kuwaambia "nawa mikono" na kunyamaza asingekuwa amewaonya.

Basi agizo kamili ni "nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka". Neno kutiririka lisiachwe, kwani ndilo lenye kinga. Katika jambo hili tunapenda kusifu istilahi moja iliyotungwa vizuri: "kibuyu chirizi". Jina hili la chombo chenye tundu, kinachoinamishwa ili maji yachirizike mikononi, linataja kitu kinachojulikana na papo hapo linaeleza kazi yake. Hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Tungependa istilahi nyingi za afya ziwe za namna hiyo.

Tangu mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, yameenea pia maneno "kutakasa mikono" na "kitakasa mikono". Kutakasa ni neno la heshima, lenye harufu ya ibada, na lina hatari ya kumfanya mtu aamini kuwa mikono iliyotakaswa haina tena doa lolote. Vitakasa vya spirti haviondoi uchafu unaoonekana, na si mbadala wa sabuni na maji kwa mtu aliyetoka msalani. Maandishi ya homa ya ini A na E yangefanya vyema kulitanguliza neno kunawa.

Choo na kinyesi

Adabu ya lugha ni jambo jema, na mfasiri wa Kiswahili hupewa na jamii yake wajibu wa kuilinda. Kwa sababu hiyo wengi huepuka neno kinyesi, wakaandika "choo". Lakini choo ni mahali, na choo ni kile kinachotoka mwilini. Sentensi isemayo "virusi huenezwa na choo" yaweza kumfanya msomaji aiogope nyumba ya choo yenyewe na kwenda vichakani, jambo ambalo ndilo hasa linalosambaza virusi. Hapa adabu imemshinda mfasiri katika kazi yake. Kinyesi si tusi. Ni neno la kitaalamu na la staha, na litumike bila haya, huku choo likibaki kuwa jina la mahali.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa watoto wadogo. Watu wengi hukichukulia kinyesi cha mtoto kuwa hakina madhara. Kumbe watoto walio chini ya miaka 6 wakiambukizwa homa ya ini A kwa kawaida hawaonyeshi dalili, ilhali kinyesi chao kina virusi. Ndiyo kusema kwamba maneno "kinyesi cha mtoto" yatajwe kwa jina lake katika maandishi ya wazazi na walezi, yasifichwe katika "uchafu wa mtoto" wala "choo kidogo".

Kinga, chanjo na kuchanja

Neno kinga nalo lina kazi nyingi. Ni uwezo wa mwili kupigana na maradhi, ni hatua za kuzuia, na ni vifaa vya kujihadhari. "Jikinge na homa ya ini" ni kichwa cha habari, si agizo. Kwa B, kinga iliyo kubwa ni chanjo. Nchini Tanzania watoto wachanga hupata chanjo hiyo ndani ya chanjo ya pamoja inayokinga pia dondakoo, kifaduro na pepopunda. Kwa C hakuna chanjo, ingawa sasa zipo dawa zinazoponya. Kuandika "chanjo ya homa ya ini" bila herufi ni kumfanya aliyechanjwa dhidi ya B aamini kwamba amekingwa na zote.

Tena neno chanjo limetokana na kuchanja, na kuchanja ni kukata ngozi. Anayechanjwa na muuguzi kwa sindano mpya hupata kinga. Anayechanjwa chale kwa wembe uliotumika kwa wengine aweza kupata virusi vya B. Shina ni moja, matokeo yanapingana. Katika maandishi yanayogusa mambo yote mawili, yafaa "kupata chanjo" litumike kwa kazi ya muuguzi, na "kuchanja chale" lisemwe kwa ukamilifu wake.

Pingamizi na jibu lake

Yupo atakayesema kwamba haya yote yanalirefusha bango, na mwananchi anahitaji neno fupi. Twakubali kwamba neno fupi lina nguvu. Kampeni ya "Mtu ni Afya" iliyoendeshwa Tanzania mwaka 1973 ilikuwa na jina la maneno matatu tu, nayo iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2. Lakini jina hilo halikuachwa litende kazi peke yake. Lilifuatana na vipindi vya redio, vijitabu na vikundi vya kujifunzia ambamo watu walielezwa la kufanya, kisha wakalifanya: walichimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Wito mfupi hufungua mlango. Kitenzi kilicho wazi ndicho kinachomwingiza mtu ndani. Na kusema "nawa kwa maji yanayotiririka" badala ya "zingatia usafi" hakulirefushi bango kwa kiasi cha kulalamikia.

Mapendekezo

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali:

1. "Homa ya ini" liwe jina la matumizi ya umma, nalo likitumika kwa ugonjwa wa virusi lifuatwe na herufi yake. "Hepatitisi" libaki katika maandishi ya wataalamu.

2. "Homa ya manjano" litumike kwa ugonjwa unaoenezwa na mbu peke yake. Dalili ielezwe kwa maneno "macho na ngozi kuwa ya manjano", kwani hiyo ni dalili na si jina la ugonjwa.

3. "Usafi" lisitumike kama agizo. Badala yake kitajwe kitendo: nawa, osha, chemsha mpaka yatokote, funika, tumia choo.

4. "Kinyesi" na "choo" vitenganishwe.

5. Palipo na wembe, sindano au kisu cha tohara, neno "safi" liachwe, na iandikwe wazi kwamba wembe na sindano viwe vipya, na kisu kiwe kimeuliwa viini vya maradhi kwa njia ya hospitali.

6. Kila chanjo itajwe kwa ugonjwa na herufi yake.

Kwa mtumishi anayepitisha maandishi kabla hayajachapwa, kipo kipimo chepesi. Ampe mtu asiyekuwa na elimu ya utabibu, kisha amwulize: "Umeambiwa ufanye nini kesho asubuhi?" Jibu likiwa ni "nizingatie usafi", maandishi yarudishwe kwa mwandishi. Jibu likiwa ni "nichemshe maji mpaka yatokote, ninawe kwa maji yanayotiririka, na nimpeleke mtoto akamalize chanjo ya homa ya ini B", yachapwe. Wasomaji wetu walio na istilahi zilizo bora kuliko hizi tunawakaribisha wazilete, ili zijadiliwe na kupimwa kwa kipimo hichohicho.